Daftari la Sebuleni

Naomba nianze kwa kuipongeza Serikali. Kwetu ndivyo tunavyoanza kila jambo, hata matanga, nami sitaki kuonekana mtovu wa adabu mbele ya watu nisiowajua. Jina langu Shamte. Ni mwandika mihtasari wa Wizara ya Afya, mwaka wa kumi na tisa huu, na hati yangu ni nzuri kuliko ya mtu yeyote katika jengo lile. Nchi yetu msihangaike kuitafuta kwenye ramani. Mkiona inafanana na moja mnayoijua, basi macho yenu yana matatizo, nendeni mkapimwe.

Tuna desturi moja tunayojivunia: mgeni haoneshwi jikoni. Najua na nyinyi majumbani mnafanya hivyo, lakini sisi tumeifanya sera ya taifa. Kila ofisi ya Serikali ina madaftari mawili. Lipo Daftari la Sebuleni, lenye jalada la ngozi na utepe mwekundu, ambamo mambo huandikwa yanavyopaswa kuwa. Na lipo Daftari la Jikoni, daftari la shule lililochakaa, ambamo mambo huandikwa yalivyo. La kwanza wanasomewa wageni, wafadhili na Mheshimiwa Rais. La pili ndilo linaloendesha nchi.

Wizarani kwetu, Daftari la Sebuleni lilisema tuna magari ya wagonjwa mia nne na kumi na mawili. Daftari la Jikoni lilisema tunayo tisa, na matano kati ya hayo yako juu ya mawe. Hilo la Jikoni lilikaa kwenye mkoba wa Bi Asumini, mkunga mkuu, mama wa miaka hamsini na minane mwenye sauti ya kukwaruza. Humo aliandika namba za simu: Chubwa wa lori la mchanga, padri mwenye pikapu, muuza maziwa, mwenye basi dogo la harusi. Mtu akizidiwa, jamaa zake wanampigia Bi Asumini, naye anafungua ukurasa na kumpigia dereva aliye karibu. Hakuna aliyewahi kumtaja kwenye hotuba, ila nusu ya nchi imezaliwa kwa mkoba ule.

*

Siku moja Mheshimiwa Waziri, Dokta Mlenge Kungulio, alirudi kutoka nchi jirani akiwa amenuna. Kule alioneshwa mfumo wa kompyuta unaopanga magari ya wagonjwa. Akaita kikao.

"Ndugu zangu, itifaki imezingatiwa," alisema, ingawa tulikuwa sita tu na wawili walikuwa wanasinzia. "Dunia imehamia kiganjani. Sisi tumebaki na mikoba ya akina mama. Nataka mfumo. Na mfumo huo tutawapa watu wa nje watutengenezee, maana wahenga walisema kinyozi hajinyoi."

Mtu mmoja, Mungu amsamehe, alikumbusha kwamba vijana wa chuo chetu cha ufundi walikuwa wameshatengeneza programu ndogo, tena bure, baada ya kukaa wiki tatu na Bi Asumini wakimwangalia anavyofanya kazi. Mheshimiwa akavua miwani.

"Wiki tatu na nani? Hao wameshaingia jikoni. Kesho watanidhalilisha hadharani. Mimi nataka mtu asiyetujua."

Nikaandika: Kikao kimeridhia apatikane mtu asiyetujua.

Hapa najua mnasubiri niwaambie kwamba zabuni iliibwa. Haikuibwa. Wizi tungeuelewa, wizi tuna uzoefu nao. Kampuni iliyoshinda ilikuwa nzuri, yenye watu makini, kutoka nchi ya mbali yenye baridi, na hiyo ndiyo iliyokuwa balaa yetu. Ilitengeneza kila kitu kama ilivyoambiwa.

*

Waliyemtuma alikuwa mwanamke mrefu anayeitwa Injinia Ilka Torvend. Alikuwa amejifunza Kiswahili mwaka mzima kabla ya kuja, na alikuja na maswali mia mbili na arobaini. Sijawahi kuona mtu anauliza vile. Alikuwa anauliza, anaandika jibu, anakusomea jibu lako, kisha anakupa usaini.

"Magari yako mangapi?"

"Mia nne na kumi na mawili," alijibu Mheshimiwa, mkono juu ya Daftari la Sebuleni.

"Gari likikosekana, mgonjwa anapelekwa kwa njia gani?"

"Haijawahi kutokea."

"Lakini ikitokea?"

"Dada yangu," Mheshimiwa alicheka, "hiyo ikitokea ni ya huko kwenu."

Akaandika: haitokei. Akamsomea. Mheshimiwa akasaini kwa kalamu ya wino wa kijani.

"Gari likifika, dereva atabonyeza kitufe kuthibitisha?"

"Kumbonyezesha mtu kitufe ni kumwambia humwamini. Gari litafika, hakuna la kuthibitisha. Mfumo wenyewe uandike limefika, muda ukitimia."

Injinia Ilka aliweka kalamu chini. Alisema hilo ni jambo la hatari, na kwamba angeandika barua kulipinga. Aliiandika siku ileile, kurasa mbili. Mheshimiwa akaisaini nayo, bila kuisoma, kwa wino uleule. Basi tukaendelea.

Ndipo Bi Asumini alipoingia na mkoba wake. Hakuwa amealikwa. "Nimesikia kuna mgeni anauliza habari za magari," alisema. "Nimemletea daftari."

Mheshimiwa alinitazama. Jicho lile tunalijua wizarani. Nikainuka, nikamshika Bi Asumini mkono, nikamtoa nje kwa heshima zote, huku nyuma nikimsikia Mheshimiwa anamweleza mgeni kwamba yule mama ana maradhi ya kichwa, maskini. Kwenye korido Bi Asumini alijinasua mkono.

"Shamte mwanangu, nilikupokea kwa mikono hii. Huyo mwanamke ametoka mbali kuja kusaidia, mnamvisha kitambaa machoni? Mficha uchi hazai."

"Ni maagizo, Bi Asumini."

"Haya. Mdogo wako Sikudhani, mimba yake ina miezi mingapi sasa?"

Sikudhani ni mdogo wangu, tumbo moja. Mtoto wa kwanza alimzaa kwa kisu, akafa wiki ileile, na huyu wa pili alikuwa amekaa miaka sita akimwomba Mungu. Mumewe yuko machimboni, hivyo aliyebaki wa kumwangalia ni mimi.

"Miwili," nilisema.

"Mwambie asikae mbali na simu yangu," alisema Bi Asumini, akaenda zake.

*

Injinia Ilka aliomba kukaa siku moja kwenye kituo cha magari, chochote, bila kutangaziwa. Tulimkubalia, tukamwomba siku nne za maandalizi. Tuliazima gari la jeshi tukalipaka rangi nyeupe. Watumishi wa wizara tuligawiwa maradhi kwa orodha. Mhasibu alipewa pumu, mimi nikapangiwa kuvunjika nyonga. Nililala kwenye machela kuanzia saa mbili asubuhi nikiugulia kila mgeni alipopita, na nasema kweli, niliugulia vizuri.

Kwenye saa sita wakubwa walikwenda kula. Injinia Ilka hakwenda. Alivuta kigoda akaketi karibu na machela yangu.

"Ndugu Shamte," alisema kwa sauti ya chini, "ninakukumbuka. Wewe ndiye unayeandika mihtasari. Nyonga yako ni nzima. Sitamwambia mtu. Nina swali moja tu, na nitaandika lile utakaloniambia wewe. Mtu akipiga simu, gari huchukua muda gani kufika?"

Hapakuwa na mtu. Naomba mlielewe hilo, maana nimelifikiria sana. Mheshimiwa alikuwa umbali wa nyumba tatu anatafuna kuku. Hapakuwa na jicho la kunitazama wala kalamu ya kijani. Ningeweza kumwambia kwamba gari haliji, kwamba anayekuja ni Chubwa na lori lake, akiwa na dizeli. Lakini yule alikuwa mgeni, na miguu yake ilikuwa na viatu visafi, na mimi nikaona haya kwa ajili ya nchi yangu.

"Dakika nane," nilisema.

Aliitazama nyonga yangu nzima. Kisha akaandika.

*

Mfumo ulizinduliwa kwa ngoma za vikundi saba. Bi Asumini alistaafishwa kwa heshima na kupewa feni ya mezani. Daftari lake lilichukuliwa "kwa ajili ya makumbusho," na kwa kuwa hatuna makumbusho, lilichanwachanwa nyuma ya jengo na mtu wa usafi. Ikatoka amri kwamba hospitali yoyote haitafungua geti wala mlango wa chumba cha upasuaji kwa mgonjwa ambaye mfumo haukumleta. Milango yenyewe iliunganishwa na mfumo, ikawa inajifunga na kujifungua bila mtu. Watu walikwenda kuitazama Jumapili na watoto wao.

Matokeo yalikuwa ya kutisha kwa uzuri. Kila mgonjwa nchini alifikiwa kwa dakika nane, hata wa kisiwa cha Mbuyuni ambako hakuna barabara. Wajumbe walikuja kutoka nchi tano kujifunza namna ya kuwapa wa nje kazi kwa ufanisi. Mheshimiwa aliwahutubia. "Siri yetu ni moja," aliwaambia. "Mweleze mtengenezaji unachokitaka, wala usimchanganye na ukweli."

Watu vijijini walianza kufa kimyakimya. Hilo halikuwa kwenye taarifa, kwa sababu mfumo ulikuwa umeshawapokea wote hospitali, ukawatibu na kuwaruhusu. Ukienda kulalamika kwamba mama yako amefariki njiani, karani anakuonesha kwenye kioo cha kompyuta kwamba aliruhusiwa Jumanne akiwa na afya njema, na pengine anakuuliza umempeleka wapi.

*

Jumamosi moja, saa mbili asubuhi, Sikudhani alishikwa na uchungu. Nilikuwa kwake. Nikapiga namba ya mfumo, kwa sababu ndiyo sheria, na kwa sababu, aibu yangu hii, sehemu ya moyo wangu ilikuwa imeshaanza kuamini takwimu nilizoziandika mwenyewe.

Ujumbe ukaja: Gari namba 211 linakuja. Tulia mama.

Nikatoka nje kusubiri. Dakika nane zikapita. Simu ikalia: Gari limefika. Nikaangalia kushoto na kulia. Palikuwa na kuku wawili na beseni la nguo. Simu ikalia tena: Mgonjwa amepokelewa Hospitali Kuu, wadi ya pili, kitanda cha saba. Ndani Sikudhani alikuwa anapiga kelele anashika mlango.

Nikapiga upya. Sauti nzuri ya kike ikanijibu kwamba mgonjwa huyo ameshapokelewa, tafadhali usitumie namba ya dharura kwa mzaha.

Nilikimbia kwa Bi Asumini, mtaa wa pili. Alikuwa anapepeta mchele. Hakuniuliza neno, wala hakunisimanga, na ningependa angenisimanga. Namba ya Chubwa alikuwa nayo kichwani. Chubwa akaja na lori likiwa na mchanga nusu, tukatandika godoro juu yake, tukampandisha Sikudhani, Bi Asumini amempakata kichwa.

Saa tatu tulikuwa getini Hospitali Kuu. Mlinzi alikuwa mtu mpole, sina la kumlaumu. Aliandika jina kwenye kishikwambi chake, akatabasamu.

"Sikudhani binti Mwinchande? Ondoeni shaka, yuko ndani. Kitanda cha saba. Anaendelea vizuri kabisa."

"Huyu hapa!" nikapiga kelele. "Huyu hapa kwenye lori, mtazame!"

Akapanda gurudumu, akachungulia, akashuka. "Kaka, naona kuna mama anaumwa, sikatai. Lakini nikimwingiza huyu watakuwa wawili. Geti lenyewe halifunguki, jaribu."

Nilijaribu. Nilisukuma geti lile kwa bega mpaka shati likachanika. Daktari kijana akatoka kwa mlango mdogo wa watumishi, akamwona, akashika kichwa. Alikimbia ndani kujaribu chumba cha upasuaji. Hakikufunguka. Alirudi na dripu akaitundika kwenye kioo cha pembeni cha lori, akawa analia huku anatafuta mshipa.

Nikampigia Mheshimiwa. Alikuwa hotelini anapokea tuzo. Nikamweleza.

"Shamte, unajua unachoniambia?" alisema polepole. "Unaniambia gari halikufika."

"Halikufika, Mheshimiwa. Hakuna gari. Unajua kwamba hakuna gari."

"Gari limefika. Ninaliona hapa kwenye simu yangu. Tumpongeze dereva." Akakata.

Tulikaa pale kwa muda wa saa tano, kwenye jua. Mchanga chini ya godoro ulibadilika rangi. Bi Asumini alifanya yote anayoyajua, kisha akabaki anasema "Vumilia mwanangu, vumilia," na saa saba akaacha kusema. Mtoto alitoka mfu. Alikuwa wa kike, ana nywele nyingi. Bi Asumini alimfunga kwenye kanga yake mwenyewe.

Saa nane kamili kishikwambi cha mlinzi kililia. Mheshimiwa alikuwa amemwambia Injinia Ilka kwamba kwetu akina mama hujifungua asubuhi na kurudi nyumbani mchana. Mfumo ulikuwa umemruhusu Sikudhani. Kitanda cha saba kilikuwa wazi.

"Haya, sasa anaweza kuingia!" mlinzi alisema, na alifurahi kweli, machozi yalimtoka. "Sasa ni mgonjwa mpya!"

Akatuombea gari upya kwenye kishikwambi, na dakika nane zilipotimia geti likafunguka lenyewe. Walimwokoa Sikudhani, wakamtoa kizazi.

*

Jioni ile simu yake ilipata ujumbe: Hongera mama! Umejifungua mtoto wa kiume, kilo tatu na nusu. Daftari la Sebuleni lilisema watoto wetu huzaliwa nusu wa kike nusu wa kiume, hivyo mfumo ulikuwa unagawa kwa zamu, na zamu ile ilikuwa ya kiume. Baada ya wiki sita: Mwanao amechanjwa, hakulia. Baada ya miezi mitatu: Mwanao ameanza kucheka.

Sikudhani hakufuta hata mmoja. Nilimwomba anipe ile simu, akakataa.

Injinia Ilka naye aliandika. Alisema huko aliko anaona magari mia nne na kumi na mawili ambayo hayajawahi kujazwa mafuta hata mara moja. Alisema halali usingizi. Alijitolea kuja kurekebisha kila kitu bila malipo, na alichotaka ni karatasi moja tu yenye orodha ya magari yaliyopo. Mheshimiwa aliisoma barua kikaoni akaikunjakunja mkononi.

"Nilijua tu," alisema. "Anataka jikoni."

Nikaandika: Mtaalamu ameshukuriwa. Nilikwenda chooni nikanawa uso, nikarudi kumalizia ajenda ya mwisho. Watu huniuliza kwa nini sikuacha kazi. Huwajibu kwamba hati yangu ni nzuri.

*

Miezi sita ilipotimia, katikati ya kikao cha tathmini, mlango ulifunguliwa. Alikuwa Sikudhani. Alikuwa amevaa nguo zake za sikukuu. Akatusalimu kwa adabu, mmoja mmoja, "Shikamoo," mpaka kwangu, "Shikamoo kaka." Kisha akaweka simu mezani mbele ya Mheshimiwa.

"Mmeniandikia asubuhi hii," alisema. "Mmesema mwanangu leo ameanza kula uji. Nimekuja kumwona."

Mhasibu alikuwa anaangalia kucha zake. Mheshimiwa alisoma ule ujumbe, akausoma tena, akavaa miwani, na mimi niliyemjua miaka yote ile nikaona anatafuta kitu. Kwa dakika moja nilidhani anatafuta neno la kumwomba radhi. Nilisimamisha kalamu nikingoja, Mungu ananiona, nikiomba aseme.

"Mama," alisema, uso umemng'aa, "Serikali imeguswa. Imeguswa sana. Umetoka nyumbani, kwa miguu yako, kuja hapa." Akanigeukia. "Andika, Shamte. Mama mnufaika wa mfumo alifika mwenyewe kikaoni kuishukuru Serikali kwa malezi ya mwanawe. Lichapishwe."

Wote wakaniangalia. Na mkono huu, mkono ninaolia chakula, ukaandika. Kwa hati nzuri.

Sikudhani akazunguka meza, akaja kusimama nyuma yangu. Anajua kusoma, nilimfundisha mimi alipokuwa na miaka mitano. Alisoma mstari ule kwa kidole, neno kwa neno, mpaka nukta. Nilisikia anavyopumua. Sikuweza kugeuka.

"Umesahau uzito wake," aliniambia. "Hapo kwenye simu upo. Kilo saba na nusu. Andika, kaka."

Nikaandika.